Tangi Lisilo na Samaki

Katika maabara ya baiolojia ya shule ninayofundisha, Dar es Salaam, tangi la kioo la lita 200 lilikaa kwa wiki nyingi likiwa na maji, mchanga wa mto, mawe na pampu inayonguruma, bila samaki hata mmoja. Kila aliyeingia aliuliza swali lilelile. Mlinzi aliuliza, mhasibu aliuliza, wazazi waliokuja mkutanoni waliuliza, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wenye tangi lao, wakachoka kujibu: samaki wako wapi? Tulipowaambia kwamba bado tunawatengenezea samaki maji, watu walishangaa, maana maji yalikuwapo, tena maangavu.

Uangavu wa maji hautoshi. Ningependa kila anayenunua samaki wa mapambo aambiwe hivyo kabla hajatoa pesa yake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake saa zote, na chakula kinachosalia chini kikioza hutoa amonia nyingine. Ziwani amonia hiyo hupotea katika wingi wa maji, au huliwa na viumbe wasioonekana kwa macho. Ndani ya kioo kilichotoka kwa fundi juzi hakuna wa kuila. Samaki anaishi katika sumu aliyoitoa mwenyewe, anapanda juu kutweta, na ndani ya wiki mbili tatu anakufa. Mwenye tangi hubaki akisema kwamba samaki hawa ni dhaifu, au kwamba yeye hana bahati ya kufuga.

Mimi nimekulia Kigoma, na samaki niliotaka wanafunzi wawaone ni wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo kama kidole wanaofanya makazi ndani ya magamba matupu ya konokono aina ya Neothauma, ambaye haishi katika ziwa jingine lolote. Maji ya ziwa letu yana ubesi mwingi, pH yake ikikaribia 9 karibu na uso. Kwa amonia hilo si jambo dogo. Katika maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH 8 hupanda hadi karibu asilimia 5. Katika pH 9 huzidi theluthi. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa mto wenye maji ya asidi angekistahimili kinaweza kumuua samaki wa nyumbani kwetu kabla ya jioni. Kwa hiyo nilipoambiwa nitie kwanza samaki wawili watatu wa bei rahisi, "wa kuanzishia", nilikataa. Mnyama si chombo cha kupimia. Kumtia kiumbe ndani ya sumu ili sumu ile ilishe bakteria ni ukatili, hata kama umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuona.

Njia nyingine ipo, na kwa mwalimu ni nzuri zaidi: unalilisha tangi amonia kutoka kwenye chupa, bila samaki, mpaka bakteria wakue wa kutosha. Stoo ya kemia ya shule yoyote huwa na kloridi ya amoniamu. Takriban gramu 1.2 yake katika lita 200 za maji hutoa karibu miligramu 2 za amonia kwa kila lita. Ukishaitia, unapima, na unangoja.

Kungoja huku kuna historia ambayo wanafunzi waliipenda kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza mchanga na mawe ya chokaa ndani ya bomba, wakapitisha majitaka polepole kutoka juu. Kwa siku 20 hivi hakikutokea kitu. Amonia iliyoingia juu ndiyo iliyotoka chini. Kisha nitrati ikaanza kuonekana na amonia ikatoweka. Walipopitisha mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama. Walipoongeza maji yaliyosuuza udongo, ikaanza upya. Ikawa wazi kwamba kazi hiyo inafanywa na kitu chenye uhai. Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa Zürich, aliwatenga bakteria hao karibu na mwaka 1890: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Vitabu vya wafugaji wa samaki viliendelea kwa miaka mingi kuwataja Nitrobacter kuwa ndio wa hatua ya pili, hadi mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamaa wa Nitrospira. Mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba wamo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Mishale miwili tunayoichora ubaoni ilichukua zaidi ya karne kuipata, na bado inachorwa upya.

Bakteria hawa ni wazito wa kuongezeka. E. coli akiwa na chakula tele hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi; hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Ndiyo sababu tangi jipya huchukua wiki, na hakuna namna ya kulikemea lifanye haraka.

Amonia ilipoanza kushuka, darasa lilishangilia. Halafu kikaja kipindi kigumu. Kipimo cha nitriti kiligeuka zambarau, kikabaki zambarau siku baada ya siku. Hapo ndipo mjadala wa kubadilisha maji ulipoanza, na sijawahi kuona wanafunzi wakibishana kwa moyo namna ile juu ya jambo lisilo la mpira.

Muuza samaki alikuwa ametuonya tusibadilishe hata tone mpaka kazi iishe, maana tungemwaga bakteria wote na kurudi mwanzo. Ushauri huo umeenea sana. Upande wa pili walikuwapo wanaosema maji yabadilishwe kila wiki iwe isiwe, kwa kuwa tangi safi ni tangi linalobadilishwa maji. Darasa likagawanyika katikati. Sikutaka kuwapa jibu, nikaenda kumwona mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye kabla ya kustaafu alikuwa fundi sanifu wa maabara ya maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Samaki wameshaingia?"

Nilimweleza tulipokwama. Hakunijibu kwa kemia. Alinipeleka penye mtungi wa kunawia uliokuwa barazani, akaniambia nipitishe kidole ukutani kwa ndani, chini ya mstari wa maji. Kulikuwa na ute.

"Maji haya nikiyamwaga, huo ute unaondoka?"

"Hauondoki, mzee."

"Basi na hao wako ni hivyo hivyo. Wameshika ukuta. Hawazururi majini. Lakini wewe ni mwalimu, usiwaambie watoto kwamba mzee kasema. Waonyeshe."

Tukawaonyesha, au tuseme walijionyesha wenyewe. Tulichukua chupa mbili za lita 5. Ya kwanza tuliijaza maji ya tangi lenyewe, yaleyale ambayo muuza samaki alihofia tungeyamwaga. Ya pili tuliijaza maji mapya ya bomba yaliyolala wazi usiku kucha ili klorini ipungue, kisha tukakata kipande cha sponji kutoka kwenye kichujio cha tangi na kukidumbukiza humo. Kila chupa ilipata amonia ya kufikia miligramu 2 kwa lita, na mrija wa kuingizia hewa. Wanafunzi walibandika karatasi ya utabiri wao mlangoni, na wengi walitabiri kwamba chupa ya maji ya tangi ingeshinda, kwa sababu maji yale "yamekomaa".

Asubuhi iliyofuata chupa ya sponji ilikuwa imeanza kupauka kwenye kipimo, kutoka kijani kuelekea njano. Siku iliyofuata amonia yake ilikuwa karibu haipo. Chupa ya maji ya tangi ilikuwa bado kijani ileile. Tuliiacha iendelee, ikabaki kijani. Msichana mmoja ambaye kwa kawaida hakai mbele alisimama akasema kwamba basi maji ya tangi hayana kazi ila kupitisha chakula. Sikuwa na la kuongeza.

Nimekaa na sentensi yake tangu siku hiyo. Mtu akiona kazi imefanyika mahali, jicho lake huenda kwenye kile kinachoonekana kujaa pale. Kwa tangi ni maji. Wenye kazi wako kwenye vitundu vya sponji, juu ya punje za mchanga na migongo ya mawe, wamejifunika utando mwembamba walioutengeneza wenyewe. Wanaokataza kugusa maji wanalinda kitu ambacho hakimo majini. Wanaobadilisha kwa mazoea hawana hasara kubwa upande wa bakteria, lakini nao wanamwaga bila kujua wanamwaga nini. Kitu cha kuogopa ni kuosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, au kuiacha ikauke juani, au pampu kuzimika muda mrefu umeme ukikatika, kwa kuwa bakteria hawa hula oksijeni nyingi na hudhoofika haraka ikipungua. Hilo la umeme, darasa lilijipangia zamu ya kulishughulikia, kwa betri ya zamani na kipampu kidogo cha hewa.

Basi tubadilishe maji lini? Nitriti ilitupa sababu ya kwanza. Kila miligramu 1 ya amonia ikigeuzwa huzaa karibu miligramu 2.7 za nitriti. Ukitia amonia ya miligramu 2 mara tano, na kundi la pili la bakteria halijakomaa, una miligramu 27 za nitriti katika kila lita, wakati kadi ya rangi inaishia 5. Toka hapo zambarau ni zambarau. Mwanafunzi mmoja alikuwa na wazo zuri: changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na sehemu 9 za maji safi, pima, kisha zidisha kwa 10. Tulipofanya hivyo tuliona kwamba nitriti ilikuwa mbali sana juu ya kadi, na kwamba hata tukimwaga nusu ya maji rangi isingebadilika. Bila hesabu hiyo, mtu angebadilisha nusu, angepima, angeona zambarau ileile, angesema kubadilisha maji hakufai kitu. Tuliteremsha maji karibu yote, tukajaza upya, na kwa mara ya kwanza baada ya kitambo tukawa na rangi inayoweza kusomeka. Wapo wafugaji wanaoshikilia kwamba nitriti ingeisha yenyewe tu, na huenda ni kweli. Mimi nasimama na wanaobadilisha. Jambo lililotoka nje ya kipimo chako umelipoteza, hata kama linaendelea vizuri.

Sababu ya pili ilikuja kimya zaidi. Maji yetu ya mwanzo yalikuwa mchanganyiko wa bomba na simtanki la mvua, na maji ya mvua karibu hayana madini. Kugeuza amonia huzalisha asidi: kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia hula kiasi cha miligramu 7 za ule uwezo wa maji kuzuia asidi, ukipimwa kama kaboneti ya kalisi. Uwezo huo ukiisha, pH huporomoka, na chini ya 6.5 bakteria hulegea. Karibu na 6 husimama kabisa au karibu kabisa. Siku amonia iliposimama pasipo kushuka, nusu ya darasa walisema bakteria wamekufa. Tulipima pH na ilikuwa chini kuliko mahali popote ambapo samaki wa Tanganyika angekubali kuishi. Hawakuwa wamekufa. Tulibadilisha nusu kwa maji ya bomba peke yake, yenye madini zaidi, tukaongeza vipande vya matumbawe yaliyokufa na yale magamba ya konokono ambayo yangekuwa nyumba za samaki baadaye. Ndani ya siku chache kazi ilirudi. Nikawakumbusha yale mawe ya chokaa ndani ya bomba la Schloesing na Müntz. Bila chokaa jaribio lao huenda lingekwama palepale tulipokwama sisi.

Hapa lazima niseme jambo la maji yenyewe. Nje ya geti letu yupo mama lishe anayenunua maji kwa madumu, na anajua thamani ya kila dumu. Kuburuta mpira kutoka kwenye tangi na kumwaga lita mia kwenye mtaro mbele yake ni jambo ambalo sikuweza kulifanya, wala sikutaka wanafunzi walione kuwa la kawaida. Maji yetu yote yaliyotolewa yalikwenda kwenye matuta ya mchicha nyuma ya maabara. Nitrati ndiyo mbolea ambayo mkulima huinunua kwenye mfuko, na nitriti ikifika udongoni hukutana na ndugu wa bakteria walewale, wakaimalizia safari. Mchicha ule ulikuwa na rangi iliyokolea, na mama lishe alikuwa mteja wake wa kwanza.

Suala hilohilo la maji ndilo lililotufundisha namna ya kufanya badiliko la mwisho. Tangi lilipoweza kumaliza miligramu 2 za amonia ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikawa sifuri, tena siku kadhaa mfululizo, nitrati ilikuwa imerundikana, kwa kuwa kila miligramu 1 ya amonia huishia kuwa karibu miligramu 3.6 za nitrati. Tuseme imefika 120. Ukibadilisha nusu mara tatu unapata 60, halafu 30, halafu 15, na umetumia lita 300. Ukitoa asilimia 90 kwa mara moja unabaki na 12, na umetumia lita 180. Mwenye samaki ndani hawezi kuthubutu hilo la pili. Samaki angepigwa na badiliko la joto na la pH kwa ghafla. Sisi hatukuwa na samaki. Tangi lisilo na samaki linakupa uhuru ambao hutaupata tena, na anayelimaliza bila kuutumia amepoteza faida kubwa. Tuliweka sponji ndani ya ndoo ya maji ya tangi isikauke, tukanyonya maji mpaka mchanga ukabaki umefunikwa kidogo tu, tukajaza maji yaliyotolewa klorini kwa punje chache za thiosalfeti ya sodiamu kutoka stoo ileile ya kemia, joto likiwa lilelile. Jioni tulitia amonia tena kwa jaribio la mwisho. Asubuhi haikuwapo, na hata wale waliokuwa upande wa muuza samaki waliinua mikono.

Samaki waliletwa wiki hiyo, kundi dogo, na waligawana magamba ya konokono kwa ugomvi mkali ndani ya saa moja. Hakuna aliyetweta juu. Tangu hapo tunabadilisha robo ya maji kwa kufuata kipimo cha nitrati, si kalenda. Wiki nyingine tunaruka, wiki ambayo mtu wa zamu kalisha kupita kiasi tunafanya mapema.

Kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kuanza, namwambia asinunue kwanza chochote cha kupendeza macho. Anunue vipimo vya amonia, nitriti na pH, na daftari. Wanafunzi waandike namba kila siku, hata siku ambayo namba haijasogea, kwa sababu siku zile tambarare ndizo zinazomfundisha kijana kwamba kimya cha namba si uthibitisho kuwa hakuna kinachoendelea. Kabla ya kumwaga maji, kila mmoja aandike anaondoa nini na anabakiza nini. Darasa langu lilipozoea kujibu hayo mawili, ubishi wa tubadilishe au tusibadilishe uliisha wenyewe.

Muhula uliofuata shule ya jirani ilijenga tangi lake. Hatukuwapelekea maji. Tulikata nusu ya sponji yetu, tukaifunga kwenye mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi, na wanafunzi wawili wakapanda nayo daladala ili ifike kabla oksijeni haijaisha. Tangi lao lilianza kula amonia ndani ya siku chache, na barua ya kwanza waliyotuandikia iliuliza kama wabadilishe maji. Tuliwajibu kwa swali: pH yenu ni ngapi, na kadi ya nitriti inasomeka?